Alfajiri ya Wenyeji

Shebe hakuwa na mtumbwi, wala wavu, wala ndugu, wala kaburi la mtu wake katika mji ule. Kwa kukosa kaburi hakuruhusiwa kuvua alfajiri, samaki wanapopanda juu kula. Desturi iliwaachia wageni adhuhuri, samaki wakiwa wamezama chini kukimbia joto.

Siku chache baada ya kumzika mkewe, alikuwa bado ukingoni juani, ndoana yake haijaguswa. Bi Nunu, mgawa zamu wa mtoni, akamsogelea.

“Unajichoma bure, mwanangu. Sasa wewe ni mwenyeji. Kesho njoo alfajiri.”

“Nimechoka, mama. Nataka kurudi kwetu.”

“Na huyu uliyemzika hapa umwache na nani? Na sisi tusiomjua hata jina?”

Shebe akaanza kukunja mshipi wake.

Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, alivua samaki ambaye mkewe hakuwahi kuona mfano wake jikoni mwao. Alimparua magamba polepole, akamla peke yake. Kisha akamwandikia mkwewe kwamba bintiye amefariki, na yeye harudi tena. Akaifunga bahasha, akaitumbukiza posta, gamba moja la samaki limenata juu ya jina.