Pumzi ya Gicheru

Daktari Wachuka alikunjua karatasi ndefu juu ya meza ya mamake huko Gatitu, akaizuia kwa kikombe cha chai isijikunje tena.

"Mama, huu mstari ni pumzi ya mtoto mchanga aliyelala. Ukipanda, anavuta. Ukishuka, anatoa. Sasa tazama hapa."

Hapo mstari ulikuwa umenyooka kama uzi.

"Amekufa?" mama aliuliza.

"La. Ameacha kupumua tu, sekunde ishirini na tano. Huyu aligutushwa na muuguzi, akavuta tena. Wengine hawavuti."

Ilikuwa Agosti 1976. Wiki iliyotangulia, Wachuka aliwasomea madaktari wenzake Nairobi utafiti wake wa miaka tisa juu ya watoto njiti, na chuo kikuu kikampandisha kuwa mhadhiri mkuu. Walimpigia makofi. Hakuna aliyejua kwamba kazi yote ile aliifanya kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwaka 1943, kule Wamagana, ndugu yake Gicheru alikutwa kitandani amekufa, ana wiki sita. Wachuka alikuwa na miaka mitatu. Mama alikiri mbele ya wazee: usingizi ulimzidi, akamlalia mtoto. Mumewe, Kingori, alimrudisha kwao na kumnyima hata Wachuka. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyempa mama mtoto wake ampakate, hata kanisani.

"Gicheru alizaliwa kabla ya miezi kutimia," Wachuka alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia midomo yake ilikuwa ikigeuka rangi akilala. Hukumlalia, Mama. Pumzi yake ilikatika yenyewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Usiniambie ati kwa kunihurumia."

"Nimewachunguza watoto mia mbili, Mama. Nina hakika."

Mama alijifunika uso kwa leso, akalia. Wachuka alimkumbatia. Siku hii aliingoja tangu akiwa msichana wa shule, akimtembelea mama kwa kuibia, bila baba kujua.

Hatimaye mama alijifuta macho, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Basi si wewe, mwanangu," alisema. "Asubuhi ile nilitoka kukama ng'ombe. Niliporudi nilikukuta umelala juu yake, nikakuondoa kabla baba yako hajaingia."