Kwa Chini Zote ni Ndugu

Yahaya wa nyumba ya pili alidai ameona kwa macho yake mawili. Alfajiri, nje kidogo ya Kigwa, gari dogo jeupe lilimgonga mama Agnetha akienda misa ya asubuhi, likamburuta, halafu likakanyaga mafuta kuelekea Tabora. Ilikuwa Ist, alisema, na Kigwa nzima Ist nyeupe ni moja. Marehemu alikutwa kichwa wazi, kitenge cha kwaya alichojitanda hakionekani. Kando yake kulikuwa na plastiki pana nyeusi, ile kinga inayofungwa chini ya injini.

Ndiyo maana alasiri hiyo Leodgar alikuwa kifudifudi katika ua wake mwenyewe, damu zikimtoka puani. Mkewe, Nyamizi, alikuwa amebanwa ukutani na wanaume wawili.

"Si mimi, jamani! Naapa kwa Bikira Maria!"

"Na kuiosha gari leo, unakwenda kuoa?" Masanja, mtoto wa marehemu, alimshindilia teke la mbavu.

"Ni mchomoko, Masanja! Nabeba watu! Nani atalipa nauli akalie matope?"

Ezekia fundi akapewa ile plastiki. Alichomeka kichwa chini ya bampa la mbele la Ist, akaisukuma. Ikaingia kama kisu kwenye ala yake. Matundu yakakutana na matundu.

"Ni yake," alisema, akijipangusa mchanga.

"Yangu ilidondoka zamani, kwa barabara hizi!" Leodgar alilia.

Rungu likashuka. Mkono wa kulia wa Leodgar ulilia kama kuni kavu. Wanawake waliokuja kutazama wakageuza nyuso, ila hawakuondoka. Mtu mmoja alikuja anaviringisha tairi kuukuu, mwingine akafuata na kidumu cha petroli, anakitikisa kama anayepima uji.

Nyamizi hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutazama, na sasa alitazama geti, na nje ya geti Platz nyeupe ya Yahaya, iliyobeba nusu ya watu hawa. Akakumbuka siku mumewe alipomtuma spea mjini. Alimwambia muuzaji ni ya Ist, muuzaji akacheka. "Dada yangu, Ist, Vitz, Platz, hao wamelala tumbo moja. Kiwandani wanatengeneza chini moja tu, juu ndiyo wanabadilisha nguo."

"Kaka Ezekia," aliita. "Kabla hamjawasha. Ijaribu na kwenye Platz ya Yahaya."

Yahaya alicheka. "Shemeji, uchungu umekupanda kichwani. Hiyo ina buti, hii haina. Zinafanana wapi?"

"Ijaribu tu. Isipoingia, washeni huo moto na mimi nikiwemo."

Masanja akatikisa kichwa kukubali. Nyamizi akaachiwa, wakatoka getini wote, wakimkokota Leodgar kwa ukosi. Ezekia akalala chini tena. Chini ya Platz palikuwa wazi, kinga hakuna. Akaisukuma ile plastiki. Ikaingia. Matundu yakakutana na matundu.

Watu wakamgeukia Yahaya.

"Yangu ilidondokea njia ya Igalula, mwaka juzi huko!" Yahaya alisema haraka. "Kwa barabara zetu hizi, nani bado anayo?"

"Leodgar naye alikwambieni hivyohivyo," Nyamizi alisema. Hakupandisha sauti. "Tena yeye hakuwa wa kwanza kunyooshea mwenzake kidole."

Masanja aligeuka taratibu. Ngumi ya kwanza ilimkuta Yahaya mdomo wazi. Ya pili ilikuta meno. Waliokuwa wamemshika Leodgar walimwachia ili wapate mikono ya kushikia huyu, na lile tairi, lililokuwa limeegemezwa ukutani, likaanza kuviringika upande wa pili.

Nyamizi akamwinua mumewe, akamwingiza ndani, akasukuma komeo. Alimlaza mkekani, akaleta beseni la maji. Kila alipokamua kitambaa, maji yalizidi kuwa mekundu. Alikuwa hai. Mbavu zilipanda na kushuka, naye akazitazama zikipanda na kushuka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Nje rungu lilikuwa likifanya kazi. Katikati ya vishindo sauti ya Yahaya ilipenya dirishani, imekwisha kuwa na mapengo.

"Shemeji! Waambie zinaingiliana! Hata kwenye Vitz ya paroko itaingia! Waambie wajaribu ya paroko, shemeji, wewe watakusikia!"

Nyamizi aliweka kitambaa chini. Akapiga goti moja ili asimame.

Leodgar alimkamata pindo kwa mkono ule mzima.

"Subiri," alinong'ona. "Wakiwa bado wanahangaika na yule, pita mlango wa uani. Kitenge kimejisokota kwenye ekseli ya nyuma. Asubuhi nimevuta weee, mkono haukufika. Wako mwembamba, mke wangu. Nenda."

Nje, Yahaya aliita tena, "Shemeji!"