Maji ya Kukanda

"Sirudi kwa hao madaktari, Mum!" Wachuka alinifokea kutoka kitandani. "Wamenidunga mgongo mara mbili. Kwanza sindano ya ganzi ya upasuaji, kichwa kikaniuma wiki nzima. Halafu wakanitoa damu mkononi, wakanidunga hiyo hiyo mgongoni ndio kichwa kiache. Na kimeacha! Nataka nini tena?"

"Unataka kutembea," nilimwambia. "Tangu jana unashikilia ukuta kama mlevi."

"Ni uchovu wa kuzaa tu. Nikande."

Nilichovya taulo kwenye maji yaliyotoka jikoni sasa hivi, nikalikamua haraka kwa sababu yalikuwa yananichoma vidole. Nikalikandamiza kwenye paja lake, nikingoja apige kelele kama kila mama aliyejifungua.

Hakupiga. Aliendelea kumtazama mtoto akinyonya.

Niliinua taulo. Ngozi ilikuwa imewiva, nyekundu.

"Mum, mbona hunikandi?" akaniuliza.

Nilimwita mume wake aliyekuwa nje.

"Washa pikapu. Halafu uje ushike godoro upande wa miguu."

"Nimesema siendi!"

Nilimtoa mtoto kwenye titi, nikamfunga mgongoni kwangu, nikainua upande wa kichwa.