Jeneza la Bati

Raili alisimama ukingoni mwa shimo lililokatwa kwenye barafu ya ziwa, kavaa nguo ya kuogelea na soksi za sufu, bonge la bati kalifumbata mkononi.

Jana, katika kuuaga mwaka, yeye na dada yake waliyeyusha bati na kulimwaga kwenye ndoo ya maji baridi, kila mmoja lake, wasome bahati zao katika umbo litakalotokea. La dada yake liliganda mfano wa mashua. La Raili, dada yake aliligeuzageuza mbele ya mshumaa, akakitazama kivuli chake ukutani, akaguna.

"Jeneza hili, mdogo wangu. Na moyo wako huo dhaifu, mwaka huu tulia tu."

Sasa dada huyohuyo alikuwa nyuma yake, kakumbatia taulo.

"Hebu toka hapo! Kila Januari unaanza mazoezi, Februari ushajilaza kwenye kochi na mabiskuti yako."

"Daktari kasema niogelee."

"Daktari hajaliona hilo bati!"

Raili akacheka, mvuke ukamtoka mdomoni. Miaka yote alianza kwa sababu ya nguo zilizombana, akachoka. Hakuwahi kuanza kwa hasira, kama leo.

Akavua soksi, akashuka ngazi. Maji yakamng'ata vifundo, yakapanda magotini, yakamkaba kiunoni. Pumzi ikagoma. Akaisubiri, meno yakigongana, mpaka ikarudi.

Ndipo akafumbua kiganja. Bonge likazama.

"Umelitupa?" dada yake akapiga yowe.

"Nimelizika. Na kesho uje na taulo lako."