Samaki wa Mapokezi

Samaki wa Jumatatu alikufa kabla ya chai. Wa Jumanne alijitahidi, akafika mchana. Wa Jumatano alielea tumbo juu hata kabla Afisa Mawasiliano hajamaliza kumwaga mfuko.

Kiwanda kilitengeneza rangi, na tangi la kioo pale mapokezi lilikuwa na bango: ANAOGELEA KWENYE MAJI TULIYOTUMIA. Kazi ya dada huyu wa mawasiliano, ambayo haikuandikwa kwenye mkataba, ilikuwa kubadilisha marehemu. Mkataba wenyewe ulikuwa unaisha Ijumaa. Bosi alimwahidi kwamba mkaguzi akitoa cheti cha mazingira, atapata ajira ya kudumu. Asipotoa, kila la heri.

Alhamisi, siku ya mkaguzi, Bosi alimzuia dada mlangoni alipokuwa akikimbilia dukani kununua samaki mwingine.

“Leo usihangaike, dadangu. Samaki nimemleta mwenyewe.”

Maji yalikuwa na ubluu wa mbali. Ndani yake alizunguka samaki mwekundu, mnene, mwenye afya ya kuonewa wivu. Mkaguzi, mama wa miwani mizito, alimkodolea macho mpaka chai yake ikapoa. Samaki akazunguka tu. Mkaguzi akamtupia chembe za biskuti. Samaki akazipita kama hazioni.

“Ameshiba,” Bosi alidakia.

Machozi yalimlengalenga dada. Wiki nzima alikuwa akizika samaki kwenye ndoo ya taka, kumbe mtambo wa kusafisha maji umetengenezwa! Kwa mara ya kwanza lile bango lilikuwa la kweli, na alifurahi kupita kiasi.

“Na mtu je, anaweza kuyanywa?” mkaguzi aliuliza.

Bosi alipaliwa na chai. Dada alikuwa ameshachota kikombe.

“Hapana, ngoja kwanza...” Bosi alianza.

Dada akaona bosi wake anajifanya mnyenyekevu, akakigugumia chote. Maji yalikuwa na ladha ya ndala mpya. Alitabasamu kwa meno ya bluu.

Mkaguzi alisaini cheti papo hapo, akaaga, akaenda zake.

Dada alirukaruka kwa shangwe. Bosi hakuruka. Alikuwa akimtazama tu, jasho likimtoka. Ndani ya tangi samaki akapunguza mwendo, akasitasita, akasimama.

“Masikini!” dada alisema, akishika tumbo lake. “Na huyu kafa?”

Bosi alikunja mkono wa shati, akamtoa samaki, akamgeuza na kufungua kifuniko kidogo tumboni.

“Hajafa,” alisema. “Betri zimeisha.”