Kihenge cha Magurudumu

Mji mzima haukuwa na fundi bati wa kumshinda Sekiete. Kweli kabisa, hakukuwa na mwingine. Kila kihenge cha nafaka alichowaundia watu kilikokotwa kwa magurudumu mpaka shambani. Kilikuwa na kuta mbili za bati, katikati pumba za mpunga, ili mahindi yasipate jasho.

Bi Nambua alipokifungua chake, chakula cha wajukuu cha mwaka mzima kilikuwa kimeota ukungu.

“Uliyaweka mabichi, mama,” Sekiete akamwambia alipoitwa kuja kuona.

“Niliyang’ata kwanza, yakanivunja jino hili. Pumba ulitia?”

“Haki ya Mungu, nilishindilia mpaka juu!”

Bi Nambua akavua kandambili, akaugonga ukuta. Ukalia kama kengele. Sekiete akainama kutazama magurudumu. Ng’ambo ya ua, jirani naye akaanza kugonga chake.