Aijan Hataki Chupa

Aijan aliisukuma chupa kwa ulimi, akageuza uso pembeni. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo. Tangu alfajiri mtoto huyu wa miezi mitatu hakuwa ametia kitu tumboni, na sasa jua lilikuwa utosini, lakini hakulia wala hakuhangaika. Alipiga mwayo tu, akasinzia.

Aisuluu aliyaonja yale maziwa. Hayakuwa na kasoro. Maji aliyachemsha mwenyewe, na unga wa maziwa ulikuwa uleule aliotoka nao mjini Bishkek. Akaketi kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, akawaza ni nani anayemshika mtoto asubuhi, yeye anapokuwa jikoni akimsaidia mama mkwe kuandaa chai ya watu wote.

Jibu lilikuwa moja tu. Nurzat, mke wa Rysbek, kaka yake mume wake.

Kila kiangazi familia nzima huja ziwani Issyk-Kul kwa wiki moja, na kila mwaka Nurzat ndiye huwa wa kwanza kujitupa majini na wa mwisho kutoka. Mwaka huu hakuwa amelowesha hata kidole. Alikaa kwenye mkeka, amejifunga mtandio mzito hadi shingoni katika joto lile, akiwatazama wanawe watatu wakirushiana mchanga. Macho yake hayakukaa sana kwa wanawe. Yalikuwa yakirudi kwa Aijan.

Siku ya kwanza, walipokuwa wakila samaki wa kukaushwa kwa moshi, Nurzat alilalamika kwa mzaha kwamba nyumba yake imekuwa kambi ya jeshi. "Wavulana watatu," alisema. "Na mimi siku zote niliomba msichana."

Wote walicheka. Aisuluu hakucheka. Alimsogeza mtoto kifuani, akajifanya anamfuta jasho.

Alimngoja mtoto huyu miaka tisa. Miaka tisa ya dawa za hospitali na za waganga, ya kuwasikia majirani wakinyamaza kila anapopita. Aijan alipowekwa mikononi mwake kwa mara ya kwanza, alishindwa hata kusema asante. Sasa aliogopa hata upepo usije ukamgusa.

Alimweleza Maksat wasiwasi wake. Mumewe alikuwa akipaka mafuta mgongo uliobabuka kwa jua, naye akamjibu bila kugeuka. "Wewe mke wangu, mtu akimpungia mtoto mkono tu unamwona mwizi. Dada Nurzat ni wa nyumbani. Mwache amshike kidogo."

"Anampa kitu," Aisuluu alisema.

"Kitu gani?"

Hakuthubutu kukitaja. Bibi mmoja mtaani kwao alikuwa akiwanywesha wajukuu kijiko cha maji ya kasumba, ile dawa ya kulewesha, ili walale apate kupumzika, na mmoja wao hakuamka tena. Tangu jana Aisuluu alikuwa akiamka kila mara na kuweka kidole chini ya pua ya Aijan.

Mchana ule alikwenda kuanua nguo, akasikia sauti nyuma ya shuka zilizoanikwa. Mama mkwe wake, Burulkan, alikuwa akinong'ona na Nurzat.

"Siwezi, mama. Kila akilia nahisi kama nakatwa kisu."

"Jikaze mpaka Jumapili. Na Aisuluu asijue kitu, unanielewa?"

Aisuluu alirudi chumbani bila nguo hata moja. Kumbe na mama mkwe yumo. Alitoa begi chini ya kitanda, akapanga nepi, makopo ya maziwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina lake na la Maksat. Kesho, mtu akimgusa mtoto, angepanda gari la kwanza la kurudi mjini, Maksat atake asitake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda jikoni kama kawaida. Aliwasha samovari, lile birika kubwa la chai, akahesabu hadi mia, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Bustanini hakukuwa na mtu, ila matunda madogo ya manjano ya aprikoti yaliyodondoka na nyayo za malapa zilizoelekea ziwani.

Alizifuata akikimbia, kiatu kimoja kikamtoka. Ufukwe ulikuwa bado mtupu. Nyuma ya vibanda vya kubadilishia nguo aliuona mgongo wa Nurzat, umeinama, mtandio umetandazwa kama hema.

"Nipe mwanangu," Aisuluu alisema. "Nipe, au nawaita watu wote hapa waje waone unachomnywesha."

Nurzat hakushtuka. Aligeuka polepole, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, na mtandio ukamdondoka begani. Hakukuwa na kijiko wala kikombe. Aijan alikuwa ameng'ang'ania titi lake kwa mikono miwili, ananyonya kwa pupa, amefumba macho.

"Nilikuahidi kabla sijamzaa kwamba atakuwa wako, mdogo wangu, na ahadi yangu ni ileile," alisema Nurzat. "Lakini alipolia njiani tukija, maziwa yalirudi."

Aisuluu alikaa mchangani kando yake, akangoja mtoto ashibe.